Sidney Poitier na Nafasi Alizozikataa

Mwigizaji Sidney Poitier, aliyefariki dunia tarehe 6 Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 94, anakumbukwa zaidi kwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, mwaka 1964. Hata hivyo, wale walioifuatilia kazi yake kwa karibu hulitaja jambo jingine: kwamba heshima yake ilijengwa na nafasi alizozikataa kama ilivyojengwa na zile alizozikubali. Katika zama ambazo sinema za Hollywood zilimtengea mtu mweusi kazi ya utumishi, uchekeshaji au kutia watu hofu, Poitier alikuwa na kipimo chake cha kupimia kila mswada uliofika mikononi mwake. Kipimo hicho hakukipata katika chuo cha maigizo. Alikipata kwa baba yake, mkulima wa nyanya katika kisiwa kidogo cha Bahamas.

Makala haya yanaeleza kipimo hicho kilitoka wapi, kilimgharimu nini, na kwa nini hata baadhi ya watu weusi wenzake walikitilia shaka.

Mtoto wa mkulima wa nyanya

Poitier alizaliwa tarehe 20 Februari 1927 mjini Miami, katika jimbo la Florida nchini Marekani. Wazazi wake, Reginald na Evelyn, hawakuwa wakaazi wa huko. Walikuwa wamevuka bahari kutoka Cat Island kwenda kuuza nyanya. Mtoto huyo, wa mwisho kati ya ndugu saba, alizaliwa kabla ya miezi kutimia, naye alikuwa mdogo kiasi kwamba baba alikwisha tafuta kisanduku cha kumzikia. Mama hakukubali kukata tamaa. Alikwenda kwa mpiga ramli, ambaye alimwambia kwamba mtoto ataishi na jina lake litafika mbali. Kisa hicho Poitier alikisimulia mwenyewe katika kumbukumbu za maisha yake.

Cat Island ya siku hizo haikuwa na umeme, mabomba ya maji wala magari. Takriban wakaazi wote walikuwa weusi, na mtoto aliweza kukua bila kufundishwa kwamba rangi yake ni upungufu. Alipokaribia umri wa miaka 11 familia ilihamia Nassau, baada ya Florida kuzuia nyanya za Bahamas zisiingie sokoni, na huko ndiko alikoona sinema kwa mara ya kwanza. Alipofika miaka 15, baba yake alimpeleka Miami kwa kaka yake mkubwa, akihofia kwamba angeharibiwa na marafiki wabaya. Mjini Miami kijana huyo alitumwa kupeleka kifurushi kwenye nyumba ya mzungu, akagonga mlango wa mbele, na akafukuzwa aende mlango wa nyuma. Hakuelewa kwa nini, kwani mwenye nyumba alikuwa amesimama mbele yake. Alikiweka kifurushi chini, akaondoka. Baadaye wanachama wa Ku Klux Klan walifika nyumbani kwa kaka yake kumtafuta. Hakukaa sana katika mji huo.

Redio na mzee wa mkahawani

Akiwa na miaka 16 alifika New York, akawa muosha vyombo. Siku moja, akitafuta kazi katika gazeti la Amsterdam News, aliona tangazo kwamba waigizaji wanahitajika. Alikwenda Harlem, kwenye kundi la American Negro Theatre, akapewa mswada asome. Alisoma kwa kukokota silabi mojamoja, tena kwa lafudhi nzito ya Bahamas. Msimamizi alimnyang'anya mswada, akamtoa nje na kumwambia aache kuwapotezea watu wakati, aende akaoshe vyombo.

Poitier alieleza baadaye kwamba lililomuuma si kufukuzwa bali ni kutajiwa kazi ya kuosha vyombo na mtu ambaye hakuambiwa kwamba ndiyo kazi yake. Aliamua kuwa mwigizaji ili kumthibitishia mtu huyo kwamba amekosea. Alinunua redio, na kwa muda wa miezi kadhaa akawa anawasikiliza watangazaji na kuyarudia maneno yao kwa sauti hadi lafudhi ikabadilika. Kuhusu kusoma, alisaidiwa na mzee mmoja Myahudi, mhudumu wa mkahawa alimofanya kazi, ambaye kila usiku baada ya wateja kuondoka aliketi naye na gazeti, akimsahihisha neno kwa neno. Poitier alisema kwamba aliporudi miaka mingi baadaye kumtafuta mzee huyo amshukuru, hakumpata tena, na jambo hilo lilimsikitisha maisha yake yote.

Alirudi Harlem, na ili akubaliwe kujifunza alijitolea kufagia na kusafisha jengo bila malipo. Mwaka 1946 alipata nafasi ndogo katika mchezo wa Lysistrata ulioonyeshwa Broadway. Usiku wa kwanza woga ulimshika, akachanganya maneno yake na kukimbia jukwaani huku watazamaji wakicheka. Mchezo wenyewe ulidumu siku chache tu, lakini wahakiki walidhani vichekesho vyake vilikusudiwa, wakamsifu. Mwaka 1950 alitokea katika filamu ya No Way Out, akiigiza daktari kijana anayemtibu mgonjwa mbaguzi. Daktari mweusi mwenye elimu na utulivu lilikuwa jambo geni mno katika sinema za wakati huo.

Nafasi iliyokataliwa

Kisa kinachoueleza msimamo wake kuliko vyote kilitokea katikati ya miaka ya 1950. Mke wake alikuwa karibu kujifungua na nyumbani hapakuwa na fedha. Wakala mmoja, Martin Baum, alimpa mswada wa filamu ya The Phenix City Story. Alitakiwa aigize mtunza jengo anayeshuhudia uhalifu. Wahalifu wanamuua binti yake ili kumnyamazisha, na mswada ulimwonyesha baba huyo akinyamaza kweli.

Ujira ulikuwa dola 750 kwa wiki, fedha nyingi kwa mtu wa hali yake. Poitier aliusoma mswada, akaukataa. Wakala hakuelewa: mhusika hakutukanwa, wala hakufanywa mjinga. Poitier hakumweleza sababu wakati huo. Sababu, kama alivyoiandika baadaye, ilikuwa kwamba yeye ni baba, na alimfahamu baba yake mwenyewe. Mtu kama Reginald Poitier asingeweza kuuawa mwanawe kisha asitende lolote. Aliondoka pale akaenda kuweka rehani samani za nyumba yake, akakopa dola 75 za kulipia hospitali.

Miezi kadhaa baadaye Baum alimpigia simu. Hakuwa na kazi ya kumpa. Alitaka tu kumwambia kwamba mtu mwenye wazimu wa namna hiyo anastahili kuwakilishwa, naye angependa kuwa wakala wake. Uhusiano wao wa kikazi ulidumu kwa miaka mingi.

Inafaa kuzingatia kwamba Poitier hakudai kuigiza mashujaa peke yao. Katika The Defiant Ones ya mwaka 1958, iliyomfanya mtu mweusi wa kwanza kupendekezwa kwa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, alikuwa mfungwa aliyetoroka akiwa amefungwa mnyororo mmoja na mzungu. Katika A Raisin in the Sun, tamthilia ya Lorraine Hansberry iliyoonyeshwa Broadway mwaka 1959 na kufanywa filamu mwaka 1961, alikuwa dereva wa tajiri anayepoteza fedha za urithi wa familia kwa upumbavu wake. Alichokidai ni kwamba mhusika, awe mwema au mkosaji, awe na utashi wake na sababu zake. Mara alipolegeza msimamo, kama alipoikubali Porgy and Bess ya mwaka 1959 kwa shinikizo la watayarishaji, alikiri wazi kwamba hakuridhika.

Afrika Kusini na Kenya

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya ziada ya kumfahamu. Filamu yake ya pili kubwa, Cry, the Beloved Country ya mwaka 1951, ilipigwa Afrika Kusini wakati utawala wa makaburu ukikaza sheria za ubaguzi. Ili yeye na mwigizaji mwenzake Canada Lee waruhusiwe kuingia, mwongozaji Zoltan Korda alilazimika kuwaandikisha kama vibarua wake wa mkataba. Poitier aliigiza kasisi Msimangu, naye aliondoka nchini humo akiwa ameuona kwa macho yake mfumo ambao wengi nje ya Afrika walikuwa wakiusikia tu.

Mwaka 1957 aliigiza katika Something of Value, iliyopigwa kwa sehemu nchini Kenya na kutegemea riwaya ya Robert Ruark kuhusu vita vya Mau Mau. Hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Poitier alikuwa Kimani, kijana Mkikuyu aliyekua pamoja na mtoto wa mlowezi, kisha akaingia msituni. Simulizi yenyewe iliitazama Kenya zaidi kwa jicho la walowezi, lakini ndani yake Poitier alimpa Kimani uchungu na hoja, jambo lililokuwa adimu katika picha za wakati ule zilizomwonyesha mpiganaji wa Mau Mau kama mnyama tu.

Mchango wake kwa Kenya haukuishia kwenye kamera. Mwaka 1959, pamoja na mwanamuziki Harry Belafonte na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, aliitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani michango ya nauli kwa ajili ya wanafunzi waliopata nafasi za masomo kupitia juhudi za Tom Mboya. Ndege ya kwanza, yenye wanafunzi 81, iliondoka Nairobi mwezi Septemba mwaka huo. Poitier alirudi Kenya kikazi kwa ajili ya The Wilby Conspiracy ya mwaka 1975, ambamo mandhari ya Kenya yalitumiwa kuwakilisha Afrika Kusini.

Ustadi mbele ya kamera

Uigizaji wa Poitier ulisifiwa kwa utulivu. Hakupenda kupaza sauti pale ambapo macho yangetosha, na hasira yake ilionekana zaidi alipoizuia kuliko alipoiachilia. Utulivu huo haukuwa wa kuzaliwa nao. Katika miaka ya 1950 alihudhuria mafunzo ya Paul Mann na Lloyd Richards mjini New York, na hata baada ya kupata umaarufu aliendelea kujifunza kwa wenzake. Walipokuwa wakipiga In the Heat of the Night, alishangazwa na Rod Steiger, ambaye hakuuvua uhusika wake hata siku za mapumziko. Alitembea na kuzungumza kama mkuu wa polisi wa kusini wakati wote. Poitier aliandika kwamba alijifunza mengi kwa kumtazama tu.

Alikiri pia udhaifu wake. Katika Guess Who's Coming to Dinner alipangiwa kuigiza mbele ya Spencer Tracy na Katharine Hepburn, na heshima aliyokuwa nayo kwao ilimfunga ulimi kila kamera ilipowashwa. Mwongozaji Stanley Kramer aliwaruhusu wazee hao waende nyumbani, na Poitier akayasema maneno yake mbele ya viti viwili vitupu. Tracy alifariki dunia mwezi Juni 1967, muda mfupi baada ya kazi hiyo kumalizika.

Katika fedha vilevile alikuwa na mbinu yake. Kwa Lilies of the Field ya mwaka 1963, filamu ya gharama ndogo iliyopigwa kwa takriban majuma mawili, kuhusu fundi anayewajengea watawa kanisa jangwani, alikubali ujira mdogo pamoja na fungu la mapato. Filamu hiyo ndiyo iliyomletea Oscar tarehe 13 Aprili 1964. Alifanya hivyo tena kwa To Sir, with Love, ambamo alikuwa mwalimu wa vijana watukutu katika mitaa ya mashariki ya London. Kwa njia hiyo alizipata filamu ambazo watayarishaji waliziogopa, na zilipofaulu alinufaika pamoja nao.

Mwaka wa mafanikio na lawama

Mwaka 1967 filamu zake tatu zilitoka mfululizo: To Sir, with Love, In the Heat of the Night na Guess Who's Coming to Dinner. Hii ya mwisho ilihusu ndoa kati ya daktari mweusi na binti wa kizungu, nayo ilipigwa wakati ndoa ya namna hiyo ingali kosa la jinai katika majimbo zaidi ya 15 ya Marekani. Mahakama Kuu ilizifuta sheria hizo tarehe 12 Juni 1967, kabla filamu haijaonyeshwa.

Kwa In the Heat of the Night, Poitier alikataa kwenda kupiga picha katika majimbo ya kusini. Mwaka 1964 yeye na Belafonte walikuwa wamepeleka fedha kwa wapigania haki mjini Greenwood, Mississippi, wakafukuzwa usiku na magari ya wafuasi wa Klan. Kwa hiyo kazi ilifanywa Illinois, isipokuwa siku chache Tennessee, ambako alilala na bastola chini ya mto. Katika filamu hiyo tajiri wa mashamba ya pamba anampiga kofi mpelelezi Tibbs, na Tibbs anamrudishia papo hapo. Poitier alisema yeye ndiye aliyeshikilia kwamba kofi lijibiwe. Mwongozaji Norman Jewison alisema lilikuwa katika mswada tangu mwanzo. Vyovyote iwavyo, watazamaji hawakuwahi kuona jambo kama hilo. Filamu ilishinda Oscar ya filamu bora na Steiger akashinda ya mwigizaji bora, ilhali Poitier hakupendekezwa hata kidogo.

Wakati huohuo lawama zilianza. Mwezi Septemba 1967 mwandishi wa tamthilia Clifford Mason, mwenyewe Mmarekani mweusi, aliandika katika gazeti la New York Times akidai kwamba Poitier hurudia mhusika mmoja: mtu safi asiye na mke, asiye na hasira ya kweli, anayetatua matatizo ya wazungu. Katika mwaka ambao Detroit na Newark ziliwaka moto, vijana wengi waliona hoja hiyo ina nguvu.

Lawama hiyo haikuwa ya uonevu mtupu. Kipimo kilichomlinda na nafasi za kudhalilisha kilimnyima pia baadhi ya nafasi za kawaida: za mtu anayependa, anayekosea na anayecheka. Poitier aliumia, lakini alilielewa tatizo. Alikuwa karibu peke yake katika ngazi ile ya sinema, na mtu mmoja hawezi kuwawakilisha mamilioni bila ya kulazimishwa kuwa mkamilifu. Jibu lake lilikuwa la vitendo. Alibuni mwenyewe hadithi ya For Love of Ivy ya mwaka 1968, kuhusu mapenzi ya mwanamume na mwanamke weusi, akieleza kwamba alitaka mabinti zake wajione katika picha ya namna hiyo. Kisha akahamia nyuma ya kamera. Aliongoza Buck and the Preacher mwaka 1972, vichekesho vya Uptown Saturday Night mwaka 1974, na Stir Crazy ya mwaka 1980, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 100. Katika kazi hizo aliwapa ajira waigizaji weusi wengi ambao Hollywood haikuwa na haja nao.

Mipaka ya faragha

Kwa mtu aliyekuwa maarufu kiasi hicho, Poitier aliilinda nyumba yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mkutano na waandishi wa habari, aliulizwa swali baada ya swali kuhusu ghasia na rangi, na hakuna aliyemuuliza kuhusu kazi yake. Aliwakatiza, akawakumbusha kwamba yeye ni msanii, ni mwanadamu mwenye mambo mengi ndani yake, na kwamba wanaweza kumuuliza mengine pia. Hakukataa kuzungumzia ubaguzi, kwani alikuwa miongoni mwa walioandamana Washington mwezi Agosti 1963. Alichokataa ni kugeuzwa kuwa mada moja tu.

Yaliyomhusu nafsi yake aliyasema kwa wakati wake na kwa kalamu yake: This Life mwaka 1980, The Measure of a Man mwaka 2000, na Life Beyond Measure mwaka 2008, kilichoandikwa kama barua kwa kitukuu chake. Humo hakujipamba. Alieleza kuvunjika kwa ndoa yake ya kwanza mwaka 1965, makosa yake ndani yake, na uchungu waliopata watoto. Mwaka 1976 alimuoa mwigizaji Joanna Shimkus, akaishi naye hadi mwisho. Kwa jumla aliacha mabinti sita, mmoja wao akiwa ametangulia mbele ya haki mwaka 2018.

Miaka ya mwisho

Baada ya mwaka 1977 aliacha kuigiza kwa takriban muongo mzima. Aliporudi alichagua nafasi chache, na mbili kati yake zilikuwa za wanasheria waliopigania haki. Mwaka 1991 alikuwa Thurgood Marshall, mwanasheria mweusi wa Marekani ambaye mwaka 1960 alikuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika katika mazungumzo ya katiba ya Kenya mjini London. Mwaka 1997 alikuwa Nelson Mandela katika Mandela and de Klerk, iliyopigwa Afrika Kusini. Nchi iliyompokea zamani kama kibarua wa mkataba sasa ilimpokea akiigiza rais wake.

Kati ya mwaka 1997 na 2007 alikuwa balozi wa Bahamas nchini Japani. Tarehe 24 Machi 2002 alipewa Oscar ya heshima, na usiku uleule Denzel Washington akawa mtu mweusi wa pili kushinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume, miaka 38 baada yake. Mwaka 2009 alitunukiwa nishani ya juu kabisa ya kiraia na Rais Barack Obama, ambaye baba yake ni Mkenya aliyekwenda Marekani kusoma mwaka 1959, mwaka uleule wa ndege ya kwanza ya Mboya.

Poitier aliandika kwamba baba yake alimfundisha kumpima mwanamume kwa namna anavyowatunza watoto wake. Siku alipokwenda kuweka rehani samani zake alikipima kipimo hicho kwa gharama yake mwenyewe: mtoto alihitaji fedha, na jina ambalo mtoto huyo angelibeba lilihitaji kutunzwa. Alipata njia ya kuvitunza vyote viwili kwa deni la dola 75.